Tuitwe kwa majina yetu: barua ya wazi kwa wakuu wa afya Mombasa

Kwa Mheshimiwa Gavana wa Kaunti ya Mombasa, Waziri wa Afya wa Kaunti, wawakilishi wadi wote, na wakuu wa Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA.

Waheshimiwa,

Assalamu alaykum, na salamu za heshima kwenu nyote.

Mimi ni fundi wa kanzu. Duka langu liko hatua chache kutoka Marikiti, na nimekalia cherehani miaka 28. Kila mteja wangu ana ukurasa wake katika daftari: urefu, bega, kifua, mkono, shingo, na chini kabisa nambari ya simu. Ikibaki miezi miwili Idi ifike, nafungua daftari napiga simu, mmoja baada ya mwingine. "Sheikh, mwaka huu vipi? Kipimo ni kile kile ama tupime upya?" Asiyeshika simu nampigia nduguye. Sikusomea kuweka kumbukumbu, lakini bila daftari kazi hii isingenilisha.

Nawaandikia juu ya saratani ya utumbo mpana, kwa sababu ya ukurasa mmoja wa daftari hilo, ukurasa wa kaka yangu mkubwa. Idi ya 2018 kifua chake kilikuwa inchi 44. Idi ya 2020, ile ya korona, kilikuwa 41. Nikamwambia vibarua vya bandarini vinamkausha, akacheka. Mwaka 2021 futi iliposoma 38, nilikuwa nimesimama nyuma yake, na mifupa ya mabega ilikuwa imetokeza ndani ya fulana. Nikamuuliza ana nini. Alinyamaza kwanza, halafu akasema: "Natoka damu chooni, mdogo wangu. Mwaka wa pili huu."

Watu hupenda kusema mficha maradhi kifo humuumbua. Nawaomba, waheshimiwa, msemo huo usitumiwe juu ya kaka yangu, kwa sababu hakuficha. Alikwenda kwa daktari mara tano katika miaka hiyo miwili, mahali patatu tofauti, hapa hapa Mombasa. Mara zote tano aliambiwa ni bawasiri. Alipewa dawa ya kupaka, akapewa vidonge vya kutia kwa nyuma, akaambiwa apunguze pilipili na anywe maji mengi. Kadi zake zote ninazo. Hakuna hata mara moja ambapo mtu alivaa glavu akampima kwa kidole. Uvimbe ulipokuja kuonekana ulikuwa sentimita 6 tu kutoka njia ya haja. Kidole kingeufikia.

Sitaji majina ya mahali hapo, wala siandiki kutafuta mtu wa kulaumiwa. Naamini wale waliomhudumia walifanya walivyozoea, na mazoea hayo ndiyo ninayoomba yabadilishwe. Mtu aliyepita miaka 40 akisema anatoka damu haja kubwa, asirudishwe nyumbani na dawa ya bawasiri kabla hajapimwa kwa kidole, na damu isipokoma aangaliwe utumbo. Glavu na mafuta ya kupimia ni vitu vya shilingi chache. Waraka mmoja kutoka ofisi ya Waziri kwenda kila zahanati ya kaunti ungetosha kulianza hilo wiki ijayo.

Lakini damu ikishaonekana kwa macho, mara nyingi muda umekwenda. Jambo lililonifanya niache kushona nikae niandike ni lile linalokuja kabla ya damu, na lile linalokuja baada ya matibabu.

Saratani ya utumbo mpana haianzi ikiwa saratani. Huanza na kinyama kidogo kinachoota ndani ya ukuta wa utumbo, ambacho madaktari hukiita polipu. Vingi vya vinyama hivyo havitamdhuru mtu maisha yake yote. Vichache hukua polepole, na kwa kawaida huchukua kama miaka kumi hivi kugeuka saratani. Katika miaka hiyo yote mtu hasikii maumivu, anakula, anafanya kazi, anazaa watoto. Kikionekana wakati huo, kinakatwa kwa waya mwembamba unaopita ndani ya kamera, ule mpira mrefu unaoingizwa kwa njia ya haja kuangalia utumbo, na mgonjwa anarudi nyumbani siku ile ile. Hiki ndicho kinachoniumiza zaidi katika maradhi haya. Saratani nyingi huonekana zikiwa zimeshakuwa saratani, lakini hii ina mlango unaokaa wazi miaka kumi, na sisi tunapita nje yake.

Dunia nzima, mwaka 2022, watu milioni 1.9 hivi walipatikana na maradhi haya, na waliokufa ni kama laki tisa. Kati ya saratani zote, ni ya pili kwa kuua. Huko Marekani, ambako hesabu zinawekwa vizuri, akipatikana mtu kabla maradhi hayajatoka nje ya utumbo, takriban tisa kati ya kumi huwa hai miaka mitano baadaye. Yakishafika kwenye ini au mapafu, hawafiki wawili kati ya kumi. Kaka yangu alipopatikana, ini lilikuwa tayari limeshikwa.

Nataka mjue usiku wa kabla ya kaka kuangaliwa kwa kamera hiyo, kwa sababu mkipanga mambo haya ofisini huenda usiku ule usiwajie akilini.

Alikuwa amepanga chumba Likoni, nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita, ukumbi mmoja, choo kimoja uani. Ili utumbo uonekane kwa kamera lazima uwe mtupu kabisa. Kwa hiyo hunywi ila vitu vyepesi siku nzima, chai ya rangi, maji, dafu, halafu unakunywa dawa ya kusafisha tumbo iliyochanganywa na lita nne za maji, nusu jioni na nusu alfajiri. Dawa hiyo haikupi nafasi ya kufikiri. Ukisikia umesikia. Shemeji alikuwa amenunua mitungi minane ya maji kwa wa mkokoteni, maana bomba lilikuwa na siku tisa halijatoa. Alisimama na ndoo nje ya mlango wa choo tangu saa tatu usiku. Wapangaji walikuwa watu wazuri, lakini nao wana watoto, nao wana matumbo. Kufika saa saba usiku kaka aliona haya kugonga tena, akatandika gunia nyuma ya nyumba. Mwanamume wa miaka 48, mwenye wajukuu.

Saa kumi alfajiri akanywa nusu iliyobaki. Saa kumi na mbili alikuwa kwenye foleni ya feri, amejifunga taulo ndani ya kikoi, shemeji nyuma yake na leso mbili mkononi za kumsitiri ikihitajika. Mnaijua feri ya Likoni asubuhi. Nilimpokea upande huu na tuktuk. Aliniambia neno moja tu: "Nimefika mkavu, alhamdulillahi."

Hilo halijaandikwa katika mwongozo wowote wa kansa, na ndilo litakaloamua kama mpango wenu utafanya kazi Likoni, Kisauni na Jomvu, au utafanya kazi Nyali peke yake. Tengeni chumba. Chumba kimoja chenye vitanda vinne na vyoo viwili vyenye maji, katika hospitali yoyote ya kaunti, ili asiye na choo chake aje jioni anywe dawa yake pale kwa heshima, alale, asubuhi apelekwe kwenye kipimo. Wanawake wawe na chao. Bila hicho watu watakubali kipimo kwa mdomo na hawatakuja, na ripoti itaandika kwamba jamii ya Pwani ina imani potofu.

Kaka alifariki Ramadhani ya 2022, kumi la mwisho. Alikuwa na miaka 49.

Katika hitima yake alikuja dada mmoja muuguzi, jirani wa zamani. Baada ya dua alituita sisi ndugu pembeni akatuuliza: "Nyinyi mmeangaliwa?" Tukamuuliza tuangaliwe nini. Ndipo akatueleza kwamba mtu akipatikana na saratani hii kabla ya miaka 60, ndugu zake wa tumbo moja na watoto wake wanatakiwa kuangaliwa kwa kamera wakifika miaka 40, au miaka kumi kabla ya umri aliopatikana nao mwenzao, ikitangulia ipi. Kaka alipatikana na miaka 48. Kwetu sisi basi ni 38. Tulibaki ndugu watatu na mdogo wetu alikuwa na 39. Sote tulikuwa tumeshapitwa, na katika ule mwaka mzima wa kwenda na kurudi hospitali hakuna aliyetuambia. Tulikuwa tukikaa pale kitandani kila siku, wote watatu. Kutuuliza umri wetu kungechukua dakika moja.

Dada yule akataja pia kwamba ziko familia ambazo maradhi haya yanapita katika damu, na kwamba kipande cha uvimbe wa mgonjwa kinaweza kupimwa maabara kuonyesha kama ni ya aina hiyo, ile inayoitwa Lynch. Mtu wa familia kama hiyo huanza kuangaliwa na miaka 20 na kitu, na hurudi kila mwaka mmoja au miwili. Kipande cha kaka yangu hakikupimwa hivyo. Mwanawe ana miaka 26 na huniuliza: "Ami, mimi ni lini?" Namjibu 38, kwa yale niliyoelezwa. Lau kile kipande kingepimwa ningemjibu nikiwa na hakika.

Mimi mwenyewe nilifanya kolonoskopi, yaani kile kipimo cha kamera, Agosti 2023. Nililipa shilingi 38,000, pesa za kanzu za Idi mbili. Nililazwa kwa ubavu wa kushoto, nikapewa dawa ya usingizi mwepesi, na kabla haijanichukua sawasawa nilikiona kwenye kioo: kinyama chekundu kinaning'inia, mfano wa kifungo cha shati kilicholegea uzi. Milimita 12. Daktari akakitia kitanzi cha waya, akakikata. Sikusikia chochote. Majibu ya maabara yalisema bado hakijawa saratani, ila kilikuwa njiani. Nikatoka pale na bahasha ya kaki, ndani yake karatasi yenye mstari mmoja chini: arudi baada ya miaka 3.

Nikamuuliza kijana wa dirishani: "Nani atanipigia?" Akanijibu kwa adabu: "Utakumbuka mwenyewe, mzee."

Waheshimiwa, barua yangu yote imesimama juu ya jibu lile.

Miaka mitatu imetajwa kwa sababu. Aliyeota kinyama kikubwa cha milimita 10 kwenda juu anaweza kuota kingine, ndiyo maana anarudishwa mapema. Aliyekutwa na vinyama kimoja au viwili vidogo anaweza kungoja miaka saba hadi kumi. Asiyekutwa na kitu, miaka kumi. Aliyefanyiwa upasuaji wa saratani anatakiwa aangaliwe kwa kamera baada ya mwaka mmoja, kisha baada ya mitatu, kisha mitano, na katika miaka ya mwanzo apimwe damu kila miezi michache kuona kama maradhi yanarudi. Kila mtu ana tarehe yake, na tarehe hizo zinatofautiana. Hakuna binadamu anayeweza kubeba tarehe ya miaka saba mbele kichwani, katikati ya kodi ya nyumba na karo ya watoto, akiwa hasikii maumivu yoyote. Na akihama Bamburi kwenda Mtwapa, akibadilisha laini ya simu, karatasi ikaliwa na panya, basi tarehe imekufa, na hospitali haitajua kwamba kuna mtu hakuja, kwa kuwa haikuwa ikimngoja.

Ninachoomba ni daftari. Likae kwenye kompyuta ama kwenye karatasi, hilo mtaamua nyinyi wenye utaalamu. Ila liwe moja kwa kaunti nzima, si kila hospitali na lake, na kila aliyewahi kutolewa kinyama au kufanyiwa upasuaji wa utumbo mpana awe na mstari wake: jina, simu yake, simu ya mtu wa karibu, kijiji au mtaa, kilichokutwa, tarehe ya kurudi. Na awepo mtu ambaye kazi yake, anayolipwa kwayo, ni kufungua daftari hilo kila Jumatatu na kupiga simu.

Msiniambie hatuna uwezo huo, kwa maana tunao na tunautumia kila siku kwa mambo mengine. Mtoto asipoletwa kwa chanjo ya surua ya miezi tisa, au ile ya miezi kumi na minane, mhudumu wa afya ya jamii huja hadi mlangoni kuuliza kulikoni. Mgonjwa wa kliniki ya ARV akikosa siku yake hupigiwa simu, na asiposhika hutafutwa. Nimeshuhudia hapa mtaani kwetu Majengo, mara nyingi, na nimewaheshimu sana wanaofanya kazi hiyo. Wale wale, kwa njia ile ile, wangeweza kutushika na sisi.

Na hapo naingia kwenye lile la kutangulia, la kuwatafuta wenye vinyama kabla hawajajua.

Kamera kwa kila mtu haiwezekani Mombasa. Mji wetu ulihesabiwa watu 1,208,333 mwaka 2019, na wanaojua kuishika kamera hiyo ni wachache. Lakini kipo kipimo cha choo kinachoitwa FIT, kinachotafuta damu isiyoonekana kwa macho. Unachukua kijiti, unachoma juu ya choo mahali kadhaa, unakirudisha ndani ya kichupa chenye maji ya dawa, unafunga. Hakihitaji ufunge kula, wala uache nyama, kwa sababu kinasoma damu ya binadamu peke yake. Vile vipimo vya zamani vilikuwa vinadanganywa hata na mishkaki ya jana. Na hata vile vya zamani viliokoa watu: huko Minnesota, Marekani, walifuatwa watu zaidi ya 46,000, na majibu yaliyotolewa mwaka 1993 yalionyesha kwamba waliopimwa choo kila mwaka walipungukiwa na vifo vya saratani hii kwa asilimia 33.

Mfano unaonipa moyo zaidi ni wa California Kaskazini. Shirika la afya la Kaiser Permanente liliacha kuwangoja watu waje hospitalini, likaanza kuwatumia vichupa kwa posta hadi majumbani, kila mwaka, na kuwakumbusha wasiorudisha. Waliokuwa wamepimwa walipanda kutoka asilimia 39 hivi mwaka 2000 hadi karibu 83 mwaka 2015. Vifo vya saratani hii katika watu wao vikapungua kwa zaidi ya nusu. Walichokuwa nacho zaidi ya wengine ni orodha ya majina na anwani, na posta.

Sisi posta yetu ni wahudumu wa afya ya jamii. Septemba 2023 walikabidhiwa mikoba nchini kote, zaidi ya laki moja, wakiwa na mashine ya presha, kipimo cha sukari, na simu ya kuandikia taarifa za kila nyumba. Mhudumu wetu wa mtaa anajua nani ana presha na nani ana mimba. Mkoba ule una nafasi ya vichupa kumi. Mwongozo wa kitaifa wa uchunguzi wa saratani wa mwaka 2018, uliotolewa na Wizara ya Afya, unaitaja saratani ya utumbo mpana pamoja na ile ya matiti na ya mlango wa kizazi. Wakati wa kuhamasisha wananchi nasikia hizo mbili, na ni sawa kabisa zisikike. Yetu siisikii.

Kuna mambo mawili ambayo msipoyashika vichupa vitakuwa hasara.

La kwanza ni joto. Damu iliyo ndani ya kichupa huharibika ikikaa kwenye joto, na kipimo kinasema hakuna kitu kumbe kipo. Kule Florence, Italia, walikuta majibu ya kuonyesha damu yanapungua wakati wa kiangazi. Sasa hebu fikirini jua la kaskazi la Mombasa, mwezi wa pili na wa tatu, kichupa kimekaa siku nne juu ya kabati chini ya bati, halafu kimezungushwa kwenye boda mchana kutwa. Vichupa vichukuliwe siku vilipojazwa au kesho yake, vitiwe kwenye yale masanduku ya barafu ya chanjo, vifike maabara. Hilo wahudumu wa chanjo wanalijua kuliko yeyote. Waulizeni wao.

La pili ni kamera. Kati ya kila watu mia watakaopimwa, tarajieni kama watano hadi wanane wataonekana na damu, na kila mmoja wao lazima aangaliwe utumbo. Wengi watakutwa na bawasiri ya kweli au vinyama, wachache na saratani. Uchunguzi uliofanywa Marekani ulionyesha kwamba aliyecheleweshwa zaidi ya miezi kumi baada ya kipimo kuonyesha damu yuko katika hatari kubwa zaidi ya kukutwa na maradhi yaliyokomaa. Kumwambia mtu "choo chako kina damu" na kumwacha miezi kumi na wasiwasi wake ni kumdhulumu. Kwa hiyo hesabuni kwanza: kamera ngapi zinafanya kazi leo, siku ngapi kwa wiki, nani anazishika, nani anaziosha. Halafu ndipo mgawe vichupa kwa kadiri hiyo. Na someni wengine walivyofanya hapa hapa Kenya. Hospitali ya Tenwek kule Bomet, mahali ambapo saratani ya koo la chakula imewasumbua watu miaka mingi, imefundisha wahudumu wengi kazi ya endoskopi, yaani kuangalia ndani ya mwili kwa kamera. Wapelekeni vijana wetu wakafunzwe, wanaume na wanawake. Mama zetu wengi hawatakubali kulala mbele ya daktari mwanamume kwa kipimo cha namna hiyo, na ni haki yao.

Anzeni padogo. Mimi ningeanza Likoni, na si kwa sababu ya kaka yangu tu. Ng'ambo ile ndiyo mtihani: pakiwezekana pale penye feri, maji ya mkokoteni na choo kimoja kwa vyumba sita, pengine kote patawezekana. Wenye miaka 45 hadi 75, wadi moja, mwaka mmoja. Umri wa 45 nautaja kwa kuwa hata Marekani walioanza na 50 wameushusha, baada ya kuona waliozaliwa karibuni wanaugua mapema kuliko wazazi wao. Mwisho wa mwaka tuambieni hadharani: waliopewa vichupa ni wangapi, waliorudisha, waliokutwa na damu, waliofika kwenye kamera, na baada ya muda gani. Mkishindwa mahali, semeni mahali hapo, tutasaidiana.

Kwenu SHA nina ombi fupi. Sisi wa kazi za mikono tunatakiwa kulipa mchango wa mwaka mzima mbele, kwa mkupuo, na wengi tumelipa kwa kukopa. Tangazeni kwa Kiswahili, ubaoni katika kila hospitali, mnalipa nini katika hiki ninachokisema: kipimo cha choo cha mtu asiyeumwa, kolonoskopi ya aliyekutwa na damu, kolonoskopi ya ndugu wa marehemu, na ile ya kurudi baada ya miaka mitatu. Bima ikimlipia mtu akiisha kuwa mgonjwa tu, mtalipa dawa za mishipani na mionzi ya mamia ya maelfu kwa kinyama ambacho kingekatwa kwa thamani ya kanzu ishirini.

Najua pia kuna haya. Mambo ya choo hayazungumzwi barazani. Lakini tangu kaka afariki nimezungumza na wateja wangu, mmoja mmoja, wakati wa kupima kiuno, na nimeshangaa: kila wiki ananipata mtu anayeniambia kwa sauti ya chini, "Fundi, hata mimi naona damu." Nimewapeleka hospitalini wanne kwa mkono wangu. Watu wako tayari kusema wakipata wa kumwambia. Waambieni maimamu walitaje baada ya sala ya Ijumaa, na makanisa Jumapili, mkiwa mmeshaweka mahali pa kuwapeleka watakaojitokeza.

Tarehe yangu ni Agosti 2026. Nimeiandika katika ukurasa wa kaka yangu, chini ya ile inchi 38, mahali ambapo vipimo vya Idi ya 2022 vingekaa. Dada yangu hakukutwa na kitu, anarudi 2028, kwa kuwa sisi wenye marehemu hungoja mitano badala ya kumi. Mdogo wetu bado anakusanya pesa. Mtoto wa kaka, 2038. Nimewaandika wote wanne, na nambari zao. Siku mtakapofungua daftari lenu nitakuja mwenyewe ofisini na ukurasa huu, muanze na majina manne.

Wenu mtiifu,
Fundi wa kanzu, Majengo, Mombasa